Fyuselaji ya foili: fupi, ya kati au ndefu? Nimezitumia zote Paje

Watu wakishaanza kupaa na foili kila mmoja anauliza bawa la mbele, nichukue kubwa au dogo, nichukue refu jembamba au lile pana, alafu wanahamia kwenye masti, kaboni au alumini, mpaka wanafika kwenye rangi ya bodi. Fyuselaji haiulizwi. Inakuja ndani ya boksi pamoja na vingine, mtu anaifunga, basi. Mi naona hapo ndo hela nyingi zinapopotelea, kwa sababu foili ikianza kusumbua, mara inaruka juu bila taarifa mara haitaki kukata kona, mtu anakimbilia kununua bawa jipya la mbele la mamia ya dola na kumbe shida ilikuwa kile kipande cha katikati na mkia wake.

Kwa ambaye hajawahi kuishika hii kitu: foili inafungwa chini ya bodi, masti inashuka sentimita 70 mpaka 90 hivi, chini ya masti kuna ule mwili mwembamba uliolala, ndo fyuselaji yenyewe, mbele yake bawa kubwa na nyuma bawa dogo tunaloliita mkia. Spidi ikipanda bawa la mbele linabeba mzigo wote, bodi inatoka majini na wewe uko juu unateleza. Kaiti (tiara kubwa la kukuvuta), bawa la mkononi, mawimbi, vyote ni mfumo huo huo, kinachobadilika ni nini kinakuvuta.

Nilizotumia ni za mfumo mmoja wa alumini. Masti moja, bawa la mbele moja la saizi ya wastani, fyuselaji tatu: fupi ya sentimita 60, ya kati 67, na ndefu 75. Chapa sitaitaja, kwanza kwa sababu ninachotaka kusema kinahusu urefu na viungio kuliko jina, pili nina malalamiko nayo huko chini. Na nimezitumia Paje, kusini mashariki ya Unguja, zaidi na kaiti na bawa la mkononi, mara moja moja kwenye mawimbi ya mwambani maji yakijaa. Nasema hili mapema maana foili inayosifiwa na mtu anayepaa kwenye ziwa lililotulia huko Ulaya sio lazima ikupendeze hapa. Kusi ikikaza, mwezi wa sita mpaka wa tisa, hata ndani ya mwamba maji yanajaa vijiwimbi vifupi vifupi vinavyogongana. Kaskazi ikiingia, Disemba mpaka Machi, upepo ni mwepesi zaidi, kuna siku kasi yake haifiki noti 12 (maili 12 za baharini kwa saa), na hapo ndo foili inapolipa maana wenye bodi za kawaida wamekaa wanaangalia. Bamvu likija maji yanakupwa mpaka unatembea kwa mguu mbali huko, kina mama wapo na mwani wao, vigingi na kamba kila mahali, muda huo hakuna foili, ni kunywa chai.

Kabla sijasahau, kuna maneno hapa ufukweni kwamba fyuselaji fupi ndo inafaa maji madogo kwa vile mkia hauchimbi chini. Piga hesabu mwenyewe. Bodi ikinyanyua pua digrii 10, kila sentimita 10 unazoongeza nyuma ya masti zinashusha mkia sentimita 1.7. Upana wa kidole! Kitakachokuokoa na mwamba ni masti fupi na kujua ratiba ya maji, usinunue fyuselaji kwa sababu hiyo.

Haya, ndefu. Hii ndo ninayowafungia wanafunzi ninaowafundisha kupaa na sioni aibu kusema mwenyewe naipenda kuliko watu wanavyotegemea. Mkia kazi yake sio kubeba, kwenye foili nyingi unasukuma chini kidogo ili bawa la mbele lisizamishe pua, sasa ukiuweka mbali na bawa nguvu ndogo tu inatosha kutuliza kila kitu. Ni kama dau refu na kamtumbwi kafupi kwenye bahari moja, wimbi lilelile linalokatingisha kamtumbwi dau linapita nalo. Mwanafunzi akikosea kwa mguu, akaegemea nyuma zaidi kidogo, foili ndefu inapanda polepole, anapata muda wa kurekebisha. Kwenye fupi kosa hilohilo lishamtupa. Pia kwenye kupampu, yani kule kuisukuma foili kwa miguu bila upepo, ndefu inataka mapigo ya taratibu na makubwa, unachoka kidogo kidogo na unafika mbali.

Ubaya wake ni kona. Inageuka, lakini inageuka ikitaka yenyewe, unaegemea, unasubiri, alafu ndo inaanza kuja. Kwenye kaiti ukienda mbele na kurudi huoni tatizo kabisa, ila ukiwa kwenye wimbi na wimbi linafunga mbele yako ule muda wa kusubiri ndo unakuacha nje. Na kama unadhani ndefu ni ya wanaoanza tu angalia iQFOiL, ile windsafu (bodi yenye tanga) ya foili iliyochezwa Olimpiki ya Paris 2024 pale Marseille: vifaa vyao vina fyuselaji ya 115 na ya 95, ile ndefu kwa ajili ya kozi za kupanda na kushuka upepo ambapo mtu anataka foili itulie kwa spidi, fupi yao kwa slalomu, yani mbio za zigizaga kwenye maboya. Na hiyo "fupi" ya kwao ni ndefu kuliko ndefu yangu! Ni kweli wana tanga kubwa na bodi pana, mzigo tofauti, ila wazo ni lilelile, spidi na utulivu vinaenda pamoja.

Fupi sasa. Hii ndo kila kijana anataka, kwa sababu kwenye video zote wale jamaa wanaokata kona bega linagusa maji wapo kwenye fupi. Na kiukweli siku ikiwa nzuri hakuna raha kama hiyo. Maji yamejaa, kuna wimbi safi mwambani, umeachia bawa la mkononi linaning'inia nyuma, unafikiria kushoto na foili ishaenda kushoto. Hakuna kusubiri. Pampu yake ni ya haraka haraka, mapigo madogo madogo, inaamka upesi. Nikiwa na bawa refu jembamba mbele inakaa vizuri zaidi kuliko na lile pana la zamani, na sababu ipo: bawa pana lenye kimo kirefu toka mbele mpaka nyuma lina tabia ya kutaka kuzamisha pua lenyewe na nguvu yake inahama hama, linahitaji mkia wenye mkono mrefu wa kulishikilia. Mabawa ya siku hizi ni membamba, tabia hiyo imepungua, ndo maana makampuni yamekuwa yakifupisha fyuselaji mwaka hadi mwaka. Kwaiyo kama una bawa pana la miaka ya mwanzo mwanzo ya hii michezo alafu unatafuta fyuselaji fupi kabisa ya kuliweka, mi nakwambia subiri.

Lakini siku ya kusi, upepo una mipulizo, vijiwimbi vinakuja kila upande, fupi inakula mguu wa mbele. Kila sekunde unarekebisha, juu kidogo chini kidogo, hupumziki hata ukienda moja kwa moja, na baada ya muda paja linawaka moto na akili imechoka, hapo ndo unaanza kudondoka ovyo. Mtu mwepesi anaumia kidogo, mtu mzito kama mimi zaidi. Na mwanafunzi ukimpa hii unamharibia wiki, ataondoka Zanzibar anaamini foili sio yake.

Ya kati haina hadithi na hilo ndo sifa yake. Sijawahi kuifunga nikajuta. Kwenye wimbi inachelewa kidogo tu kuliko fupi, kwenye kaskazi inateleza karibu sawa na ndefu, mwanafunzi wa siku ya tatu nne anaimudu. Kama unanunua moja tu, kwa bahari yetu hii, Paje, Jambiani, hata Diani na Watamu ambako nako kuna mwamba nje na vijiwimbi ndani, chukua ya kati. Na ukiwa unasita kati ya saizi mbili chukua ile ndefu zaidi, sio ile wanayokwambia kwenye video.

Sasa hapa kuna kitu ambacho wauzaji hawakisemi sana kwa sababu kinapunguza mauzo. Unaweza kubadilisha tabia ya fyuselaji uliyonayo kwa kubadilisha mkia, na mkia mara nyingi ni bei ndogo kuliko bawa la mbele. Chukua eneo la mkia zidisha na umbali wake toka bawa la mbele. Mkia wa sentimita za mraba 200 kwenye umbali wa sentimita 60 unakupa 12,000. Mkia wa 170 kwenye umbali wa 70 unakupa 11,900. Karibu sawa kabisa! Yani ukiwa na ndefu na unaiona nzito kwenye kona, kabla hujaagiza fupi jaribu mkia mdogo kwanza, unapunguza na mkokoto wa maji juu yake. Ila haziwi sawa kwa kila kitu. Ule uwezo wa kuzuia foili isichezecheze haraka unafuata umbali mara umbali, sasa ukifanya hesabu hiyo ile ya 60 inapata 720,000 na ile ya 70 inapata 833,000, kwaiyo fupi hata uipe mkia mkubwa bado itabaki na wasiwasi wake. Mkia unakusogeza nusu ya safari, nusu nyingine ni urefu wenyewe.

Alafu kuna vile vikabari vya plastiki, vipande vyembamba vya nusu digrii au digrii moja vinavyowekwa chini ya mkia kubadilisha pembe. Ni vitu vya bei ya chai na vinafanya maajabu. Mkia ukilazwa kwa pembe kubwa zaidi foili inanyanyuka mapema kwa spidi ndogo, nzuri kwa kaskazi nyepesi na kwa wanafunzi, lakini spidi ikipanda inakusukuma juu na unalazimika kukandamiza mguu wa mbele muda wote. Ukipunguza pembe inakuwa na kasi na nyepesi mguuni ila inachelewa kupaa. Kabla ya vyote hivyo sogeza masti kwenye reli za bodi, mbele au nyuma, hiyo ni bure. Nimeona watu wamenunua fyuselaji mpya kwa shida ambayo ilikuwa inaisha kwa kusogeza masti sentimita mbili.

Kitu kingine, urefu ulioandikwa usiuamini toka kampuni moja kwenda nyingine. Wengine wanapima chuma chote mwanzo mpaka mwisho, wengine wanapima sehemu tu, alafu kuna suala la masti imekaa wapi, karibu na bawa la mbele au mbali. Armstrong wanaziita za kwao TC50, TC60, TC70 na namba inakupa picha ya urefu kwa sentimita. Axis wana majina, kuna Standard, Short, Ultrashort mpaka Crazyshort, na wakaleta Advance ambapo masti inakaa karibu zaidi na bawa la mbele, na hilo peke yake linabadilisha unavyogeuka hata urefu wa nyuma usipobadilika, kwa sababu sasa bawa linageukia karibu chini ya miguu yako. F-One wana Monobloc, mkia na fyuselaji yake ni kipande kimoja, hakuna bolti ya kulegea huko nyuma, lakini ukitaka mkia mwingine unabadilisha kipande chote. Kila mmoja ana falsafa yake na karibu hakuna kinachoingiliana na cha mwenzake. Hili liweke kichwani kabla ya kuona tangazo la bei nzuri.

Tuje kwenye chuma chenyewe maana hapa kwetu hili ni kubwa kuliko urefu. Bahari yetu ni ya joto na chumvi, na maji ya visima vingi vya Paje nayo yana chumvi chumvi, kwaiyo hata ile "osha kwa maji baridi baada ya kutumia" wanayoandika kwenye karatasi sio rahisi kama wanavyodhani. Bolti ya stenlesi ikikaa ndani ya alumini kwenye maji ya chumvi, alumini inaliwa. Kaboni ikigusana na alumini ndo mbaya zaidi, na watu wengi wana masti ya kaboni juu ya fyuselaji ya alumini kwa sababu ni njia ya kuokoa hela. Inafanya kazi, sikatai, mi mwenyewe ndo nilivyo, ila unaingia mkataba wa kuifungua kila mara. Unga mweupe ukianza kutokea kwenye kiungio jua kazi imeanza. Ndo sababu titani inauzwa ghali, haigombani na kaboni na bahari haiigusi, kama mfuko wako unaruhusu na una nia ya kukaa na mfumo huo miaka, hiyo hela haipotei. Alumini ni dola mia na ushee, titani na kaboni ni mara mbili tatu ya hapo, chagua.

Malalamiko yangu niliyoahidi: ile ndefu yangu iligandana na masti msimu wa kwanza tu, bolti mbili za M8 (unene wa milimita 8) hazitoki, na nilizifunga na grisi iliyokuja kwenye boksi lao wenyewe. Kuwaandikia wakanijibu nioshe kwa maji baridi. Haya. Kilichosaidia ni maji ya moto, unamwagia upande wa alumini, inapanuka kuliko stenlesi na tundu linaachia, usiweke moto wa mtungi maana kaboni iliyo karibu gundi yake inaharibika. Bolti moja ilitoka na thredi (yale meno ya ndani ya tundu), ikabidi fundi wa kukereza vyuma mjini atanue tundu na kuweka thredi mpya, na alifanya vizuri kuliko kiwanda. Sasa hivi natumia Tef-Gel, dawa ya kupaka bolti ili chuma kisiliwe, Duralac nayo inafanya kazi hiyo hiyo, kamkebe kadogo kanakaa muda mrefu. Grisi ya gari ni bora kuliko kufunga kavu ila bahari inaisafisha upesi.

Na funguo! Nunua ufunguo wa nyota wa chuma kizuri, saizi za T30 na T40 ndo zinazotumika sana, zile za bure za kwenye boksi zinakula kichwa cha bolti. Toa mchanga kwenye kichwa cha bolti kabla ya kuingiza ufunguo, hata kwa mswaki wa zamani, vinginevyo ufunguo hauingii mpaka mwisho na ukikaza unazungusha tu. Bolti za akiba agiza pamoja na fyuselaji siku hiyohiyo. Hapa Zanzibar hupati, hata Dar utazunguka, na urefu ukikosea milimita chache au kichwa kikawa cha umbo lingine bawa linacheza. Duka moja la mtandaoni lilinitumia za urefu usio sahihi mara mbili mfululizo na kila mara ni wiki za kusubiri mtu anayesafiri aje nazo, msimu unaisha umekaa.

Kucheza kwa bawa nako watu wanakidharau. Shika ncha ya bawa la mbele, shika masti, tingisha. Ukisikia hata mlio mdogo wa "tk" hiyo foili itakuwa inatetemeka ukiwa juu, na utadhani ni fyuselaji fupi au mkia mbaya kumbe ni kiungio kimelika. Kwa mnaonunua mitumba, maana vifaa vingi tunavyotumia hapa vimeachwa na wageni mwisho wa msimu, fanya jaribio hilo mbele ya muuzaji, alafu mwambie afungue bolti zote mbele yako. Zote. Akisema ziko sawa hakuna haja ya kufungua, mshukuru na uondoke. Angalia matundu kwa tochi ya simu, thredi ziwe kali na zinang'aa, angalia pale masti inapoingia kama pembe zimekuwa mviringo, na lala chini uangalie fyuselaji kwa jicho moja toka nyuma kama imenyooka, alumini iliyogonga mwamba inapinda kidogo sana na hutoiona kwa kusimama.

Mpaka sasa ya kati ndo imekaa kwenye masti muda mwingi, ndefu ipo kwa ajili ya wanafunzi na zile siku za kaskazi nyepesi. Fupi naiuza, mawimbi ya kuitosha hapa sio ya kila siku na paja langu limeshatoa maoni. Imenyooka, thredi safi, nimeweka bolti mpya nne na vikabari viwili juu. Bei tutaongea, ila usiniulize kama itaingia kwenye masti ya kampuni nyingine. Haiingii.